Asubuhi Tatu Kavu

Mtaani walimwita Redio, naye hakukasirika. Redio angalau husikilizwa. Ukimdokeza jambo bombani wakati ndoo inajaa, lilifika duka la kona kabla ndoo yako haijafika nyumbani. Hakuwa na roho mbaya. Habari zilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, hazimpi raha mpaka azitoe, na mwenyewe alikiri hivyo mbele ya yeyote aliyemuuliza na wengi ambao hawakumuuliza.

Lakini palikuwa na mahali pamoja ambapo Redio alizimika. Nyuma ya nyumba yao, chini ya banda la mabati, liliegeshwa gari la mumewe, la kale kwelikweli, lenye pua ya mviringo na taa zilizotoka nje kama macho ya chura. Kiti chake cha nyuma kilikuwa kipana kama kochi, cha ngozi nyekundu iliyochanika hapa na pale na kushonwa kwa uzi wa viatu. Ukiingia humo na Redio, ukavuta mlango mpaka ukalia klap, lolote utakalosema limeishia hapo. Sababu hakuna aliyeijua. Aliwahi kujaribu kutunza siri jikoni, ikamtoka kabla maji ya chai hayajachemka. Akajaribu chumbani, akaiota kwa sauti. Ila mlango ule ukifungwa, naye alifungwa.

Wanawake wa mtaa walilitambua hilo zamani. Kila siku saa tisa mchana benchi la kando ya banda lilijaa kama benchi la zahanati, kila mmoja akingoja zamu yake ya kuingia nyuma. Ndoa zilizotatuka zilishonwa upya mle ndani, mawifi walipatanishwa, na barua ambazo hazikupaswa kutumwa zilichanwa zikatupwa chini ya kiti. Redio na mumewe walikuwa wamebaki wawili, watoto wameoa na kuolewa wakaenda zao, na bila kiti hicho nyumba ingekuwa na sauti ya saa ya ukutani tu.

Mumewe alikuwa dereva wa lori mstaafu. Walimwita Breki, kwa jinsi alivyoendesha kama mtu aliyepakia mayai. Ilikuwa desturi yake kulala usingizi wa mchana kwenye kiti cha mbele cha gari hilohilo, kofia usoni, akikoroma kidogokidogo. Wanawake walimhesabu kama sehemu ya usukani, wakasema yao bila kupunguza sauti.

Basi siku moja jino likamshika Breki. Alilitoa gari bandani akajiendesha mjini kwa daktari wa meno, bwana mmoja nadhifu ambaye viatu vyake viling'aa kuliko meno ya wateja wake. Alirudi shavu limevimba kama aliyeficha limau, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia mkewe kwamba daktari amelipenda gari na anataka kulinunua.

"Na wewe ukasemaje?"

"Nimeshakubali, mama. Nikishakubali nimekubali."

Redio alimuuliza mara nne kwa maneno manne tofauti, na mara zote nne Breki aliangalia sakafu. Hakueleza walikubaliana vipi, wala mbele ya nani. Alisema tu kwamba tangu azaliwe hajawahi kurudi nyuma katika neno lake, na hataanza uzeeni. Redio akageukia ukuta. Alifikiria benchi likiwa tupu. Alifikiria yale yote aliyokuwa ameyabana kwa miaka, akajiuliza kama gari likiondoka yatabaki humo au yataanza kumtoka moja moja bombani. Na nani angemwamini tena kwa jambo lolote, yeye, Redio, asiye na mlango wa kufunga?

Likabaki sharti moja. Daktari alikuwa ameona doa la petroli pale gari lilipoegeshwa mbele ya kliniki. Tangi lilivuja, na Breki kwa miezi alikuwa akiliziba kwa sabuni ya mche, akiifinyanga kwa kidole na kuikandika kwenye tundu kama walivyofanya madereva wote wa rika lake. Sabuni hustahimili petroli, lakini gari likiruka matuta mawili inapasuka, na unaanza upya. Daktari hakutaka kupeleka bomu nyumbani kwake. Alisema tangi lizibwe sawasawa, kisha kila jioni kiwekwe kipande cha kadibodi chini yake, na kila asubuhi saa moja, akielekea kazini, atapita kukitazama. Akipata asubuhi tatu kavu mfululizo, analichukua gari.

Akaitwa fundi. Huyu alikuwa na kibanda cha bati ng'ambo ya barabara, mtu mfupi mwenye mikono mirefu, rafiki wa Breki tangu ujana, ndiyo maana alimwita Redio shemeji. Aliziba sufuria, birika, mapipa na matangi, na juu ya matangi alikuwa na majivuno ambayo watu walimsamehe kwa sababu yalikuwa ya kweli. "Tangi nililoziba mimi," alikuwa akisema, "halitoi hata harufu."

Alijilaza chali chini ya gari, akaikamua petroli yote ikaingia kwenye dumu, akafungua bomba, waya wa geji na mikanda ya chuma, kisha akalishusha tangi kifuani pake taratibu kama mtu anayepokea mtoto aliyelala. Alilijaza maji ya moto, sabuni ya unga na konzi mbili za kokoto, akalitikisa mpaka likatoa kutu nyekundu kama chai ya rangi. Akasuuza mara tatu. Kisha akalijaza maji tena, karibu kufikia tundu, ndipo akawasha moto. Maana mvuke wa petroli hauonekani wala hausamehi, na aliwahi kumwona mwenzake akipoteza nyusi na paa la kibanda kwa siku moja. Alikwangua kutu mpaka chuma kikameta, akapasha chuma cha kulehemia, akabandika kiraka cha bati kwa risasi iliyoyeyushwa. Kiraka kilikaa sawasawa kama kimezaliwa hapo.

Redio aliyatazama hayo yote akiwa kwenye benchi, akakichukia kile kiraka kwa uzuri wake. Kabla fundi hajairudisha petroli, aliomba ajaziwe kachupa ka dawa ya kikohozi, kwa ajili, alisema, ya kutolea madoa ya nguo. Fundi alimjazia bila kuuliza. Shemeji ni shemeji.

Asubuhi ya kwanza, Jumatatu, kadibodi ilikuwa kavu. Redio hakuwa amefanya kitu. Alitumaini tu kwamba fundi atakuwa amekosea, ambalo lilikuwa tumaini la kijinga. Daktari alichuchumaa na tochi yake, akainuka akitabasamu. Mbili zimebaki.

Jumanne, jua likiwa ndiyo kwanza linachungulia, Redio alitoka kwa ncha za vidole na kachupa kake. Kila jioni Breki alilifunika gari turubai zito lililofika hadi chini, kwa hiyo hakuwa na haja ya kutazama chochote: alipitisha mkono chini ya turubai, akaelekea pale kwenye kadibodi, akamimina kijiko kimoja, viwili. Alichelewa makusudi mpaka karibu saa moja, kwa sababu mke wa dereva anajua petroli hurukia hewani ukigeuka tu. Daktari alipofika harufu ilimpokea getini. Kadibodi ilikuwa na doa la ukubwa wa sahani.

Redio alishangaa kidogo. Kwa vijiko viwili alitegemea doa la ukubwa wa kisosi. Lakini nani hukagua bahati yake?

Fundi alilishusha tangi tena. Aliziba matundu yake yote, akachomeka pampu ya baiskeli, akalijaza upepo na kulizamisha kwenye pipa la maji mbele ya benchi lote. Tangi linalovuja hutoa mapovu. Hili lilikaa kimya kama jiwe. Alilizungusha, akalilalia, akaliweka sikio. Hakuna hata povu moja. Akalirudisha akikuna kichwa, akaondoka bila kunywa chai.

Jumatano, doa tena. Na safari hii ndipo Redio alipokosa. Alikuwa bombani, ndoo inajaa, mtu akamuuliza kuhusu tangi, na ulimi ukateleza wenyewe: akasema labda fundi wetu siku hizi anaziba kwa chujio. Wakacheka. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulimwita yule fundi Chujio. Mama Mapacha, jirani wa ukuta mmoja, alivuka barabara akachukua birika lake ambalo lilikuwa bado halijazibwa, akasema si vibaya, ana haraka nalo. Mwingine akachukua sufuria.

Jioni hiyo fundi alikuja akakaa kwenye benchi, mikono mirefu ikining'inia katikati ya magoti.

"Shemeji, miaka thelathini," alisema. "Matangi ya malori, ya jenereta, ya matrekta. Halijanirudia hata moja. Labda macho yamechoka. Labda nifunge kibanda nikakae kwa mwanangu."

Redio alisema usiseme hivyo shem, akamletea chakula kwenye sahani iliyofunikwa, nyama mbili badala ya moja. Fundi alikula, lakini macho yake hayakuwa kwenye sahani. Yalikuwa kwenye kadibodi ya asubuhi, iliyoegemezwa ukutani tangu daktari alipoiacha, jua la kutwa nzima limeipiga, na doa bado linameta. Aliishika, akaipitisha puani, akaishusha. Aliuliza nyumbani hapa wanapikia nini. Redio akajibu kwamba jiko ni la mafuta ya taa, na siku hizi linakunywa kama ng'ombe, amejaza juzi na leo limeshakauka. Breki, kutoka ndani, akadakia kwamba ni utambi umezeeka.

Fundi akashukuru kwa chakula. Akaomba kesho aachiwe geti wazi, alitazame gari kwa utulivu peke yake.

Alhamisi wenye nyumba walikuwa na safari. Binti yao alikuwa amejifungua, wakaenda kushinda kwake. Kabla hawajatoka, daktari alikuwa amepita, akakuta doa tena, na sasa uvumilivu umemwishia. Alisema Ijumaa ndiyo mwisho. Pakiwa pakavu, anaanza kuhesabu upya. Pakiwa na tone hata moja, anajitoa, atafute gari kwingine, na wasimlaumu.

Njia nzima ya kwenda kwa binti, furaha ya Redio ilikuwa nusu. Kijiko kimoja tu cha kesho na kiti chekundu ni chake mpaka afe. Lakini kijiko hicho kingemmaliza fundi kabisa. Alijiambia kwamba gari likishasalimika atamsafisha jina, atamsifu bombani mwezi mzima; ulimi uliobomoa unaweza kujenga. Alipompakata mjukuu, mtoto alimtazama kwa jicho moja, kama anayejua.

Walirudi jua likizama. Fundi alikuwa ameshaondoka; turubai limeshatandazwa na kufungwa kwa kamba pande zote, kadibodi mpya imechomoza kidogo chini. Breki akasema anabaki nje dakika mbili kukagua mafundo. Redio akaingia ndani kulala. Na asubuhi, kabla watu hawajaanza kufika, akiisaili nafsi yake kila hatua, alitoka na kachupa, akapitisha mkono, akamimina kilichobaki chote.

Ijumaa saa moja uwanja ulijaa. Redio hakuwa amemwalika mtu, lakini alikuwa amesema bombani kwamba leo ndiyo mwisho, na hiyo ilitosha. Mama Mapacha alikuja na stuli yake. Daktari alifika, akasalimia, akakunja suruali magotini na kuivuta kadibodi.

Madoa mawili. Moja kushoto, moja kulia, kama nyayo.

"Basi, mzee," daktari alimwambia Breki, akiinuka. "Nimejitoa. Gari zuri, lakini lina laana."

Redio alishusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu Jumatatu. Alitazama chini ili furaha isionekane, na ndiyo maana hakumwona fundi akipenya katikati ya watu.

"Subiri kidogo, daktari," fundi alisema.

Akafungua kamba moja baada ya nyingine bila haraka. Akalivuta turubai. Akafungua buti, akanyanyua zulia na ubao wa sakafu yake, akawakaribisha watu wachungulie. Waliochungulia waliona ardhi. Waliona kokoto, waliona kifuniko cha soda, waliona kuku akipita upande wa pili.

"Tangi liko kibandani kwangu tangu jana saa nane mchana," fundi alisema. "Nimelijaza petroli mpaka juu, nimelining'iniza kwa kamba juu ya shuka jeupe, na nimekaa nalo." Akalikunjua shuka lililokuwa kwapani mwake. Lilikuwa jeupe kama siku lilipotoka dukani. "Halijatoa tone. Lakini gari, bila tangi, limevuja. Kazi hii nimeifanya miaka thelathini, hilo sijawahi kuliona."

Hakuna aliyecheka bado. Watu walikuwa wanapiga hesabu.

Fundi aliichukua kadibodi akaiweka juani, juu ya boneti. "Tazameni hili la kushoto." Wakatazama. Doa la kushoto lilipungua kingo, likafifia, na Mama Mapacha alipomaliza kufuta miwani yake halikuwepo. La kulia lilibaki palepale, linang'aa. "Lililokwenda ni petroli. Lililobaki ni mafuta ya taa. Waliomwaga ni wawili, na hawakushauriana."

 Redio alitia mkono mfukoni, akakitoa kile kichupa cha dawa ya kikohozi, akakiweka kwenye boneti karibu na kadibodi.

"La kushoto ni langu, shem," alisema. "Na lile la chujio pia lilitoka kwangu."

Fundi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa mzigo aliokuwa anautegemea. Lakini Redio hakuwa na nafasi ya kuona haya kwa utulivu, kwa sababu akili yake ilikuwa imeshafika jikoni. Akageuka. Breki alikuwa anavichunguza viatu vyake kama vya mtu mwingine.

"Baba watoto. Mafuta ya jiko langu."

"Utambi," alisema Breki, kwa mazoea.

Hapo ndipo uwanja ulipopasuka kwa kicheko. Mama Mapacha alianguka kutoka kwenye stuli akabaki hukohuko chini. Daktari peke yake hakucheka. Alikuwa amekunja uso, anafikiri kwa utaratibu, na alipomaliza kufikiri alisema jambo lililokata kicheko: kwamba kumbe basi tangi ni zima. Na kama tangi ni zima, hizi asubuhi zote zilikuwa kavu. Gari ni lake. Mzee alikubali kwa mdomo wake.

"Alikubali wapi?" Redio aliuliza.

"Kliniki. Kwenye kiti changu."

"Akiwa amekaa?"

"Akiwa amelala. Nilikuwa namng'oa."

Redio alisogea karibu, na wale waliomjua walijua sauti ile ya upole haina upole. "Daktari, ulikuwa umemtia nini mdomoni wakati unamuuliza?"

Daktari alikuwa mtu mkweli, na ukweli ulimgharimu. "Pamba," alisema. "Kioo. Na koleo."

"Akajibuje?"

"Alisema... mm."

"Mtu mwenye koleo mdomoni, hata ungemuuliza kama yeye ni bibi harusi, angesema mm."

Breki hakungoja kuulizwa. Alieleza mwenyewe, akiivua kofia na kuivaa, kwamba siku ile hakujua kama mm ni neno au si neno. Aliona aibu kurudi kuuliza. Akasema kama ni neno, atalitimiza. Lakini usiku wa Jumatatu, baada ya ile asubuhi kavu ya kwanza, alilala macho yakiwa wazi, na Jumanne jioni, wakati anafunga turubai...

"Jumatatu jioni," fundi alimsahihisha. "Doa la kwanza lilikuwa la Jumanne asubuhi."

"Jumatatu jioni," Breki alikubali. "Ndipo macho yakabaki wazi."

"Lakini wewe gari la nini?" Redio alimuuliza, na safari hii alitaka kujua kweli. "Huendi nalo popote. Unalala tu humo."

 Breki akasema, chini chini, kwamba hajawahi kulala humo. Kiti cha mbele kinambana mgongo, hakuna awezaye kukilalia.

 Benchi zima lilimgeukia. Mama Mapacha aliinuka kutoka chini akajipangusa.

"Mzee," alisema, "una maana ulikuwa unasikia?"

"Siku zote."

"Hata ile ya..."

"Hata ile."

Mama Mapacha akakaa tena. Mmoja kwenye benchi alijifunika uso kwa mtandio, mwingine akaanza kuhesabu kitu kwenye vidole. Ilikuwa imebaki kidogo tu watu wakasirike. Kisha yule aliyejifunika uso akauliza, kwa sauti ya ndani ya mtandio, kama katika miaka yote hiyo kuna mtu aliyemwambia.

Breki alishangaa kuulizwa. "Mlango ulikuwa umefungwa," alisema.

Redio alimtazama mumewe kama mtu aliyefungua kabati la kila siku akakuta lina droo nyingine. Miaka yote hiyo alikuwa akibeba peke yake, na kumbe mwenzake alikuwa ameshika upande wa pili wa mzigo, kofia usoni, akikoroma kwa ustadi.

Daktari alikuwa amesimama katikati ya haya yote na tochi yake mkononi. Akauliza, kwa ukali uliokwisha kulegea, gari hili lina nini hasa.

"Ingia uone," Mama Mapacha alimwambia.

Pengine aliona haya kukataa mbele ya umati. Alifungua mlango wa nyuma, akakaa kwenye ngozi nyekundu, viatu vyake vinang'aa sakafuni. Redio akazunguka akaingia upande wa pili. Breki, bila kufikiri, akajikuta yuko mbele, kofia usoni. Mlango ukalia klap.

Walioko nje waliona mwanzo daktari amekaa wima kama anayepigwa picha. Baadaye waliona midomo yake inacheza. Baadaye kidogo waliona anatumia mikono. Kliniki ilikuwa na wagonjwa wanaongoja na mashavu yao, lakini nusu saa ilipita. Alipotoka, alipenga kamasi, akaikunjua suruali yake magotini, akamwambia Breki kwamba mm haikuwa neno, ilikuwa ganzi. Gari libaki lilipo. Ila yeye, kama hapana neno, angependa kupita tena Jumanne. Benchi likasogea kumwonyesha foleni inapoanzia.

Alichosema mle ndani hakijulikani hadi leo, na wapo waliojaribu.

Akabaki fundi. Aliliweka tangi mahali pake, akakaza mikanda, akaunganisha bomba na waya wa geji, akajifuta mikono. Redio alimfuata kumwomba radhi, tena kwa maneno yaliyopangwa, lakini fundi alimwinulia kiganja.

"Radhi nitakupa, shemeji. Lakini jina langu ulilimwaga bombani, ukaliokote bombani. Utapita nyumba kwa nyumba, leo hii, ueleze mwenyewe kilichotokea. Kachupa, kijiko, chujio, yote. Usipunguze hata tone."

"Kupunguza sipunguzi," Redio alisema, na hilo lilikuwa kweli.

Alianza na nyumba ya kwanza akiona aibu mpaka masikio yanawaka. Alisema haraka, akaaga haraka. Nyumba ya pili walimpa kiti. Ya tatu walimuuliza maswali, na aliona kwamba ukieleza jinsi kuku alivyopita chini ya buti, watu hushika mbavu. Basi kuku akapata sehemu kubwa zaidi. Nyumba ya tano kuku walikuwa watatu. Nyumba ya saba kijiko kilikuwa bakuli, doa lilikuwa dimbwi, na fundi alikuwa amekesha na lile tangi mikononi kama mlezi. Birika la Mama Mapacha lilivuka barabara kurudi kibandani kabla ya adhuhuri, na nyuma yake sufuria mbili.

Mwisho alifika duka la kona, koo limekauka, ndoo mkononi kwa mazoea tu. Mwenye duka hakumpa nafasi ya kufungua mdomo. Aliegemea kaunta, akatazama kushoto na kulia, akamuuliza kama amesikia habari za ule mtaa wa juu, ambako kuna mama mmoja na mumewe, na gari linalovuja bila tangi, na daktari aliyelia machozi mpaka akasahau kwenda kazini, na jogoo.

 Redio akaiweka ndoo chini, akavuta kreti la soda, akakaa vizuri.

"Enhe," alisema. "Jogoo akafanyaje?"